Je, sinema bado inaweza kutuunganishia ulimwengu uliopasuka vipande?

#1 Mkazi wa Ngara

Hamjambo wanabaraza. Naleta dai moja ambalo ningependa lipingwe kwa hoja.

Tangu tarehe 25 Juni 2024, siku waandamanaji waliokuwa wakipinga Mswada wa Fedha walipoingia katika majengo ya Bunge, kila mtu ninayemfahamu mjini ana video yake. Mmoja alirekodi akiwa Kenyatta Avenue, mwingine alitumiwa klipu na binamu aliyekuwa karibu na Kencom, na wa tatu aliokota zake TikTok usiku huohuo. Tulizitazama mpaka macho yakauma, na kadiri tulivyozitazama ndivyo tulivyozidi kutojua nani alisimama wapi, nani alianguka kwanza, na risasi zilitoka upande gani. Kisha, mwezi Aprili 2025, BBC Africa Eye ikatoa filamu ya makala iitwayo "Blood Parliament", iliyochambua picha na video zaidi ya 5,000. Onyesho lililopangwa kufanyika hapa Nairobi lilifutwa, hivyo tuliitazama mtandaoni, sebuleni kwa shemeji yangu, watu wa rika tofauti na wa vyama tofauti. Kwa mara ya kwanza nikaona vipande vilevile nilivyokuwa navyo mfukoni vikikaa katika mfuatano ninaoweza kumweleza mtu mwingine.

Dai langu ni hili: habari hutupa tukio, simu hutupa kipande, lakini sinema ndiyo hutupa wakati, yaani kilichotangulia, kilichofuata na kilichokuwa kikitendeka upande wa pili wa barabara. Katika ulimwengu ambamo kila mtu anaishi ndani ya skrini yake, hiyo ndiyo sanaa pekee iliyobaki yenye uwezo wa kutufanya tuone jambo moja kwa ukamilifu. Je, mnakubali? Na kama mnakubali, ni filamu gani iliyowafanya mwelewe jambo ambalo hapo awali mlikuwa nalo vipande vipande?

#2 Mhariri wa River Road

Asante kwa mada. Kazi yangu ni kuhariri video, nyingi zikiwa za harusi na mazishi na chache zikiwa filamu, na ningependa tutazame jinsi kazi yenyewe inavyofanyika kabla hatujaitukuza.

Filamu ni picha tuli 24 kwa kila sekunde. Mwendo haumo ndani yake. Mtazamaji ndiye anayeuumba kichwani. Mkato nao ni vivyo hivyo: naweka uso wa mtu, kisha naweka mlango, na mtazamaji anasadiki kwamba mtu yule anautazama mlango ule, hata kama uso niliurekodi Machakos na mlango nikaurekodi Kawangware. Mrusi Lev Kuleshov alilionyesha jambo hili yapata miaka 100 iliyopita kwa kuuchukua uso uleule wa mwigizaji Ivan Mosjoukine na kuuweka kando ya bakuli la supu, kando ya jeneza na kando ya mtoto anayecheza. Watazamaji wakamsifu mwigizaji kwa njaa yake, huzuni yake na upendo wake, ilhali uso haukubadilika hata kidogo. Jaribio lenyewe mtaliona mtandaoni mkilitafuta.

Sasa nieleze kinachonitia wasiwasi. Familia moja iliniletea video ya kikao cha kugawa shamba, iliyorekodiwa kwa simu mbili. Katika simu ya kwanza kuna swali: nani aliuza ile ekari ya kando ya barabara? Katika simu ya pili kuna mjomba aliyenyamaza akitazama chini, lakini kimya chake kilitokea kabla swali halijaulizwa, watu walipokuwa wakisali. Mteja alitaka niviweke hivyo viwili kimoja baada ya kingine. Ingenichukua muda mfupi sana, na ukoo mzima ungemhukumu yule mzee. Niliikataa kazi hiyo. Kwa hiyo ninapomsoma mleta mada akisema kwamba sinema hutupa kilichotangulia na kilichofuata, najibu kwamba hutupa kile ambacho mhariri ameamua kitangulie.

#3 Mwalimu wa Buruburu

Mhariri amegusa kidonda chenyewe. Mimi nafundisha historia, na naomba tukumbuke kwamba swali la nani anaweza kuunganisha vipande lilikwisha kuulizwa juu yetu kabla hatujaulizwa sisi wenyewe.

Kati ya mwaka 1935 na 1937 palikuwa na mradi wa filamu za elimu kwa Waafrika ulioendeshwa kutoka Tanganyika, na mwaka 1939 Uingereza ikaunda Colonial Film Unit, kitengo cha kutengeneza filamu za propaganda ya vita kwa ajili ya makoloni yake. Mkuu wake, William Sellers, ambaye hapo awali alifanya kazi ya afya ya umma nchini Nigeria, aliamini kwamba mtazamaji wa Kiafrika hawezi kufuata mikato ya haraka, wala kamera inayosogea, wala kurukia mahali pengine bila kuonyeshwa safari ya kufika huko. Kwa hiyo filamu zikatengenezwa polepole, kitendo kimoja kikionyeshwa tangu mwanzo hadi mwisho, kana kwamba mtazamaji ni mtoto mchanga. Nanyi mnajua kwamba huyo ndiye mtazamaji aliyelelewa na hadithi ambazo ndani yake miaka saba hupita katika pumzi moja, na akazifuata zote pasipo taabu. Waliotunga nadharia hiyo hawakuwa wakipima akili ya mtu. Walikuwa wakijihakikishia haki ya kumpangia ulimwengu.

Upande wa makoloni ya Ufaransa, amri ya Laval ya mwaka 1934 iliweka upigaji wa filamu chini ya kibali cha serikali, na Mwafrika hakuwa na nafasi ya kuigeuza kamera itazame anakotaka yeye. Ndiyo maana Ousmane Sembène wa Senegal, aliyekuwa mpakuzi wa mizigo bandarini Marseille na kisha mwandishi wa riwaya, aliamua kujifunza sinema akiwa mtu mzima, kwa kuwa wengi wa watu aliowaandikia hawakuweza kumsoma. Mwaka 1968 alitoa "Mandabi", filamu inayozungumza Kiwolofu, na maisha yake yote aliiona sinema kuwa shule ya jioni ya watu wake.

Simpingi mleta mada kuhusu "Blood Parliament". Namwuliza tu: aliyekupangia vipande ni nani, na wewe ulikuwa na nafasi gani ya kuvipangua?

#4 Kijana wa Kayole

Heshima zenu, wakubwa. Nyote mnazungumza kama kwamba picha ndiyo inayoeleza. Mtaani kwetu tulikulia katika kibanda cha video ambamo filamu za Hong Kong, za India na za Marekani zilionyeshwa zikiwa na sauti ya msimuliaji DJ Afro juu yake, na ukweli ni kwamba wengi wetu tulikuwa tunamfuata yeye kuliko tulivyoifuata filamu. Alikuwa anatuambia nani ni mwema na nani ni mwovu, anakumbusha yaliyotokea awali, anamwonya shujaa, anamcheka mwenye kiburi, na anapoona mazungumzo marefu hayana maana kwetu anatumia nafasi hiyo kutoa maoni yake kuhusu maisha. Filamu iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wengine kabisa ikawa inazungumza juu ya mwenye nyumba wa Kayole anayedai kodi.

Kwa hiyo, Mwalimu, jibu la swali lako ni kwamba vipande hupanguliwa na msimuliaji. Tulikuwa tunavipangua kila jioni kwa shilingi kumi.

#5 Mtanga wa South B

Naafiki hoja ya #4, ila naomba jambo hilo lisiandikwe kana kwamba ni la Nairobi peke yake. Kule Tanzania tulikuwa na Lufufu, ambaye sauti yake ilijulikana katika vibanda vya video nchi nzima, na Kampala wapo wasimuliaji wa aina hiyo ambao hadi leo mashabiki huchagua filamu kwa kuangalia jina la anayeisimulia kabla ya jina la mwigizaji. Ukanda huu wote ulikataa kuipokea filamu kama ilivyoletwa.

Nitaongeza jambo moja. Msimuliaji hufanya kazi nzuri pale anapoifahamu hadhira yake, lakini nimewahi kumsikia mmoja akiigeuza filamu ya msiba kuwa kichekesho kwa sababu aliona watu wanaanza kuondoka. Kibanda kilijaa tena. Filamu yenyewe ilipotea.

#6 Binti wa Eastleigh

Nimesoma kwa makini na nataka kujibu swali la #1 kama lilivyoulizwa, kwa filamu moja.

Mama yangu ni mzaliwa wa Wajir. Mwezi Februari 1984 vikosi vya usalama viliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia katika uwanja wa ndege wa Wagalla, na wengi hawakutoka hai. Serikali ilitaja watu 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya mwaka 2013, ilikadiria karibu watu 1,000. Manusura wanataja maelfu. Mimi nilikua nikisikia habari hizi kwa vipande: jina linalotajwa wakati wa dua, shangazi asiyependa kusikia lori likisimama, mjomba anayebadilisha mazungumzo. Hakuna aliyewahi kunikalisha chini na kunieleza.

Mwaka 2015 mwelekezi Judy Kibinge alitoa filamu ya makala kuhusu mauaji hayo, "Scarred: The Anatomy of a Massacre". Niliitazama pamoja na mama. Nilitarajia alie. Badala yake alianza kubishana na shahidi mmoja juu ya mpangilio wa siku, akasema kwamba jambo fulani lilitokea kabla ya jingine, akachukua simu akampigia ndugu yake Wajir ili amthibitishie, na ndugu yake naye akatoa mpangilio wa tatu. Walizungumza mpaka salio likaisha. Katika familia yetu hapakuwahi kuwa na mazungumzo marefu namna ile juu ya Wagalla.

Kwa hiyo mimi sikubaliani na mleta mada kwamba sinema ilitupa ukamilifu. Ilitupa mahali pa kuanzia kubishana, na kwa mama yangu hilo lilikuwa na thamani kubwa kuliko ukamilifu.

#7 Mzee wa Pangani

Salamu kwa wote. Mnazungumza juu ya filamu, lakini mmesahau ukumbi.

Katika ujana wangu tulikwenda Shan pale Ngara na Liberty hapa Pangani kutazama filamu za Kihindi. Sisi hatukujua Kihindi. "Sholay", iliyotoka mwaka 1975, ilikuwa na urefu wa saa tatu hivi, na ukumbi mzima, Wahindi kwa Waafrika, ulikuwa unavuta pumzi kwa wakati mmoja. Niliweza kutambua mahali pa kusikitika kwa kusikiliza viti vya mbele. Wakati wa mapumziko watu wasiojuana walikuwa wakielezana yaliyotokea, mwenye lugha akimsaidia asiye na lugha, na mtu wa Mathare akimsahihisha mtu wa Parklands kuhusu kisa cha urafiki na usaliti. Maana ilikuwa inatengenezwa pale penye viti. Mhariri alikuwa mbali, Bombay, na msimuliaji hakuwepo.

Leo Shan imekuwa Sarakasi Dome, na ninashukuru kwamba angalau sanaa haijahama jengo lile, kwa maana kumbi nyingine za katikati ya jiji zimekuwa makanisa na maduka. Nanyi vijana mnatazama kila mtu peke yake ndani ya matatu, akiwa na vidude masikioni, kisha mnalalamika kwamba ulimwengu umevunjika. Ulivunjika mlipofunga kumbi. Hata ile filamu ya "Rafiki" iliyofika Cannes, wananchi wa Kenya hawakuruhusiwa kabisa kuiona katika ukumbi wowote wa nchi yao.

#8 Mwanafunzi wa Sheria

Mzee wangu, shikamoo. Naomba kurekebisha sehemu ya mwisho, kwa kuwa mimi nilikuwa miongoni mwa walioiona ukumbini.

"Rafiki" ya Wanuri Kahiu ilipigwa marufuku na Bodi ya Kuainisha Filamu mwezi Aprili 2018, muda mfupi kabla ya kuonyeshwa Cannes. Mwezi Septemba mwaka huohuo Mahakama Kuu iliisimamisha marufuku hiyo kwa siku saba, ili filamu iweze kutimiza sharti la kuonyeshwa nyumbani kabla ya kupendekezwa kuwania tuzo za Oscar. Kwa siku hizo saba tiketi zilikwisha haraka pale Prestige, na watu walisimama foleni ndefu mchana wa siku za kazi. Mwishowe Kenya ilipeleka filamu nyingine, "Supa Modo" ya Likarion Wainaina.

Nalitaja jambo hili kwa sababu linamhusu mleta mada pia. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Sura ya 222, imekuwepo tangu miaka ya uhuru, na chini yake kuna kibali cha kupiga filamu na kibali cha kuionyesha. Tunapojadili kama sinema inaweza kuunganisha vipande vya nchi, tukumbuke kwamba yupo mtu ofisini ambaye kazi yake ni kuamua ni vipande vipi vitabaki nje, na kwamba uamuzi huo hutangulia wa mhariri na wa msimuliaji.

#9 Mtafiti wa Madaraka

Nina masahihisho na nyongeza.

Kuhusu #2: nakala ya jaribio la Kuleshov lenye uso wa Mosjoukine haijasalia. Yanayoonekana mtandaoni ni maigizo ya baadaye. Tunalijua jaribio hilo kwa maelezo ya Kuleshov mwenyewe na ya mwanafunzi wake Pudovkin, na maelezo hayo hayalingani kikamilifu kuhusu ni picha zipi zilizotumika. Ni jambo la kutafakari kwamba ushahidi mkuu wa nadharia ya kuunganisha vipande umetufikia wenyewe kwa vipande.

Kuhusu #4 na #5: usimulizi wa aina hiyo ulikuwepo pia Japani wakati wa filamu zisizo na sauti. Msimuliaji, aliyeitwa benshi, alisimama kando ya skrini akieleza, akiigiza sauti na kutoa maoni, na baadhi yao walipendwa kuliko waigizaji. Kaka yake mwelekezi Akira Kurosawa, Heigo, alikuwa benshi. Sauti zilipoingia katika filamu kazi hiyo ikafa. Miaka mingi baadaye mdogo wake akatengeneza "Rashomon", iliyotoka mwaka 1950 na kushinda Simba wa Dhahabu kule Venice mwaka 1951. Humo samurai ameuawa msituni, na kifo chake kinasimuliwa mara nne: na jambazi, na mke wa marehemu, na roho ya marehemu kupitia mganga, na mkata kuni. Visa havipatani, na filamu haitoi hukumu.

Kwa hiyo mimi niko pamoja na Binti wa Eastleigh, tena naenda mbele zaidi. Filamu inayodai kuukamilisha ulimwengu inatuhadaa. Filamu bora ni ile inayoonyesha waziwazi mahali ambapo vipande havikutani, ili mtazamaji asitoke akidhani amemaliza kujua.

#10 Mkazi wa Ngara

Nashukuru kwa michango. Nitajibu machache.

Mwalimu aliniuliza nilikuwa na nafasi gani ya kuvipangua vipande. Nafasi ilikuwepo, kwa kuwa vipande vyenyewe tulikuwa navyo. Tulipoimaliza ile filamu, mpwa wangu alifungua simu yake, akatafuta klipu aliyoirekodi mwenyewe, na tukailinganisha na ilichosema filamu. Sembène hakuwa na watazamaji wa namna hiyo. Hadhira ya leo inaingia ikiwa na malighafi mkononi, na mhariri akidanganya, wako watu mia watakaomwumbua kabla ya asubuhi.

Mtafiti namheshimu, lakini hoja yake ni rahisi kuishi nayo ukiwa mbali na tukio. Mzazi aliyempoteza mwana mbele ya Bunge hataki masimulizi manne yasiyopatana. Anataka kujua nani alifyatua risasi. Yapo mambo ambayo yana ukweli mmoja, na kuyaacha wazi kwa jina la sanaa ni kumsaidia aliyetenda.

#11 Mama wa Umoja

Mimi si mtu wa nadharia. Ninataka kuitaja "Something Necessary", ya Judy Kibinge pia, iliyotoka mwaka 2013. Inahusu ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007, ambazo Tume ya Waki ilihesabu vifo 1,133. Ndani yake kuna muuguzi aitwaye Anne, aliyenusurika shambulio lililomwua mumewe, na kijana Joseph, aliyekuwa katika kundi la washambuliaji. Filamu inakwenda kwao wote wawili kwa zamu.

Mwaka 2008 jirani yangu wa mlango wa pili alihama usiku, na hatukuagana. Alirudi baada ya miaka kadhaa, tukasalimiana kama kwamba hakuna kilichotokea, kwa sababu hakuna aliyejua pa kuanzia. Filamu hiyo tuliitazama sisi wawili kwangu. Palipofika sehemu za Joseph alisema, "Huyu wa kwenu, na wa kwetu pia walikuwepo." Hilo tu. Lakini nilikuwa nikimsubiri aseme neno kama hilo tangu aliporudi, na nadhani alinisubiri na mimi. Uso kwa uso tusingeweza. Ilibidi wote wawili tuwe tunatazama kitu kingine.

#12 Mwandishi wa Miswada

Nimeguswa na #11, na kwa heshima hiyohiyo naomba tuseme lililobaki kimya katika uzi huu: fedha.

"Something Necessary" iliyotajwa na Mama, "Supa Modo" iliyotajwa na Mwanafunzi, pamoja na "Nairobi Half Life" ya mwaka 2012, ambayo nashangaa hakuna aliyeitaja hadi sasa, zote zilitokana na mradi mmoja, One Fine Day Films, ulioanzishwa na mwelekezi Mjerumani Tom Tykwer na wenzake kwa kushirikiana na kampuni ya hapa Nairobi. Ni filamu nzuri na zimewapa wengi ufundi. David "Tosh" Gitonga alitupa katika "Nairobi Half Life" kijana wa mashambani aliyekuwa akiuza filamu kwa kuziigiza mbele ya wateja, kisha anafika jijini na kuishi maisha mawili, jukwaani upande mmoja na katika genge upande mwingine. Sijaona filamu nyingine iliyoonyesha vizuri hivyo jinsi jiji hili linavyompasua mtu katikati. Hata hivyo, mswada unaopelekwa kwa mfadhili hupitia macho ya watu wanaoulizia mambo fulani na wasioulizia mengine. Mimi nimewahi kuambiwa kwamba hadithi yangu kuhusu mabishano ya chama cha akina mama haina "uharaka". Ingekuwa na bunduki, ingekuwa na uharaka.

Kwa upande mwingine, filamu za Riverwood, zile za Kikuyu na Kikamba zilizouzwa kwenye diski hapo River Road, zilijilipia zenyewe bila mfadhili. Wasomi walizidharau kwa ubora wa picha. Lakini shemeji mlevi, mchungaji mwenye tamaa na mkopo wa shamba vilipata nafasi ndani yake, na hayo ndiyo yanayoutenganisha na kuuunganisha ulimwengu wa watu wengi ninaowafahamu.

#13 Kijana wa Kayole

Mwalimu na Mtafiti wakikaa safu moja ukumbini, mwenye projekta hatapata ruhusa ya kuzima taa.

Lakini nina swali la dhati kwa Mkazi wa Ngara. Umesema watu mia wataumbua uongo kabla ya asubuhi. Katika simu yangu, video ya uongo ilifika kwanza, ikaenda kwa maelfu, na masahihisho yalifika baada ya siku kadhaa kwa watu wachache waliokuwa wamekwisha kuyajua. Sasa kuna na video zinazotengenezwa na akili mnemba, ambazo hazikurekodiwa popote. Vipande vyenyewe vikiwa vya bandia, sinema itaunganisha nini?

#14 Binti wa Eastleigh

Naunga mkono swali la #13, na nina lingine la upande wa pili wake. Mleta mada alijenga hoja yake juu ya tukio lenye picha 5,000. Wagalla hapakuwa na simu ya kurekodi mkononi mwa mtu yeyote. Vipande tulivyonavyo ni vya midomo ya watu ambao kila mwaka wanapungua, na hakuna mpwa atakayefungua simu kulinganisha. Ikiwa kazi ya sinema ni kupanga vilivyopo, basi wale ambao mateso yao hayakupigwa picha watabaki nje mara ya pili. Mhariri, wewe ukiletewa kazi kama hiyo unafanya nini mahali ambapo picha haipo?

#15 Mhariri wa River Road

Kwanza, ahsante kwa Mtafiti kwa maelezo ya Kuleshov.

Binti, njia zinazotumika nazijua tatu, na kila moja ina gharama yake. Ya kwanza ni kuigiza upya: unatafuta vijana, unawavisha nguo za miaka ile, unapiga picha za vumbi na buti. Mtazamaji ataamini haraka, na miaka kumi baadaye shoti zako zitasambazwa kana kwamba zilirekodiwa mwaka 1984. Ya pili ni kuweka picha za kumbukumbu za wakati ule kutoka mahali pengine, jambo ambalo watu hufanya na mimi nalihesabu kuwa uongo. Ya tatu ni kumwacha shahidi azungumze bila kumfunika kwa picha yoyote, na anaponyamaza, kuuacha ukimya wake urefu uleule uliokuwa nao. Ningechagua hii. Gharama yake ni kwamba wenye televisheni watakwambia filamu ni ndefu mno, na watazamaji wengine wataondoka.

#16 Mwalimu wa Buruburu

Sikubaliani na Mhariri kuhusu kuigiza upya. Sembène na Thierno Faty Sow walipotengeneza "Camp de Thiaroye" mwaka 1988, hapakuwa na kamera iliyorekodi siku ile ya Desemba 1944 ambapo, katika kambi ya Thiaroye nchini Senegal, jeshi la Ufaransa liliwapiga risasi askari wa Kiafrika waliokuwa wakidai malipo yao. Waliigiza tukio zima, nami nawafundisha wanafunzi wangu kwa filamu hiyo. Kama wangengoja mashahidi wazungumze kwa muda wao, na kama wangeogopa kwamba shoti zao zitadhaniwa ni kumbukumbu, Thiaroye ingebaki katika maandishi ya wale waliofyatua risasi. Nitakubali hatari ya mwanafunzi kuidhania filamu kuwa ni rekodi, kwa kuwa hiyo naweza kuirekebisha darasani kwa kipindi kimoja. Asipokuwa na picha yoyote kichwani, sina pa kuanzia kumrekebisha.

#17 Mtanga wa South B

Mwalimu, je, wanafunzi wako wakitoka darasani wanakumbuka ulichowasahihisha, au wanakumbuka filamu? Nauliza kwa sababu mimi hadi leo nikiwaza juu ya Vietnam, naisikia sauti ya Lufufu.